“Dawa ya mende” ya jikoni: jinsi ya kulisoma, kulipima na kulitumia kopo la mafuta ya kupuliza

Mama alipokuja kututembelea hapa Columbus, Ohio, siku ya tatu tu alinikuta asubuhi jikoni nimeshika kopo. Nikalitikisa, nikalielekeza kwenye kikaango, fyuuu. Akakitua kikombe chake cha chai. “We Mama Salma, ndiyo mambo gani hayo? Chakula unakipulizia dawa ya mende?”

Nilicheka mpaka mayai yakaungua. Lakini ana haki. Kwetu Tanga kopo la kubonyeza kichwa likatoa ukungu lina kazi mbili tu: kuua mbu na mende, au kunukisha choo wageni wakija. Mafuta yanakaa kwenye dumu, yanachotwa kwa kijiko. Ukitaka kupaka chuma cha chapati za maji unakata kitunguu nusu, unakichoma uma kwa mgongoni, unakichovya kwenye mafuta, unapaka. Imekwisha.

“Haya nieleze,” akasema. “Humo ndani mna nini? Na mbona huku nyuma naona sifuri kila mahali? Na hiyo gesi mnaila?”

Sikuwa na jibu hata moja. Na si kwamba mimi ni mgeni wa jiko: kazi yangu ni kupika kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na makopo haya nimeyatumia miaka tisa, kazini na nyumbani. Nilikuwa nabonyeza tu. Jioni ile nikavaa miwani, nikatoa mizani, nikaanza kulichunguza kopo kama mtu anayekagua mahari. Niliyoyapata ndiyo haya, pamoja na namna ninavyolitumia sasa.

Geuza kopo nyuma kwanza

Lililokuwa mkononi mwangu ni PAM ya kawaida, na nalitaja kwa sababu ndilo kopo la zamani na ndilo lililozoeleka hapa Marekani. Walioanzisha ni watu wawili wa Chicago, Leon Rubin na Arthur Meyerhoff. Huyo wa pili alikuwa mtu wa matangazo ya biashara. Hataza yao, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ilitoka mwaka 1957, na mwaka 1959 wakafungua kampuni. Herufi za PAM ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya “bidhaa ya Arthur Meyerhoff”. Mama aliposikia akasema, “Kumbe mwanamume! Mimi nilidhani ni jina la mke wake.”

Kwenye orodha ya vilivyomo, kinachotangulia ndicho kilicho kingi zaidi. Hapa yanatangulia mafuta ya kanola, mbegu ya jamii ya haradali, yakifuatwa na mawese na mafuta ya nazi kidogo. Hadi hapo hakuna ajabu, ni mafuta yale yale yanayouzwa kwenye chupa. Makopo mengine yana zeituni, mengine parachichi. Usiipite picha ya mbele ukaishia hapo: nimewahi kuona kopo lenye picha ya parachichi kubwa, kugeuza nyuma parachichi ni la pili na kanola ndiyo ya kwanza.

Inafuata lesithini, mara nyingi ya soya, na ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo roho ya kopo. Mafuta matupu ukiyapaka kwenye chuma laini hayatulii. Yanakimbiana, yanajikusanya matone matone, na pale palipobaki pakavu ndipo yai linaposhika. Lesithini ni kama mshenga: mkono mmoja umeshika upande wa maji, mwingine umeshika upande wa mafuta, na bila yeye pande mbili hizi hazikai chumba kimoja. Imo kwa wingi kwenye kiini cha yai, ndiyo maana mayonesi haijitengi. Kwenye kikaango inajishikiza kwenye chuma na kutandaza mafuta yawe utando mwembamba kuliko uwezavyo kuutandaza kwa kijiko. Kazi yote inayosifiwa kwenye matangazo anaifanya huyu. Kwa mlaji wa kawaida haina madhara. Mwenye aleji ya soya asome lebo kwa makini, kwani soya imo.

Halafu kuna dimethili silikoni. Jina hili hutisha watu, linasikika kama dawa ya kuoshea ng’ombe kupe. Kazi yake ni kuzuia povu, na imo hata kwenye mafuta ya kukaangia chipsi ya migahawa mikubwa. Sheria ya Marekani inaruhusu isizidi sehemu 10 katika milioni ya chakula. Mwilini haifyonzwi kwa kiasi cha maana, inaingia na kutoka. Kama hutaki kuiona kabisa, yapo makopo yasiyo nayo; tofauti utakayoiona ni mapovu kidogo tu.

Dondoo ya rozmari ni ya kuzuia mafuta yasichache. Tuipite.

Mwisho pameandikwa neno moja tu ambalo kwa Kiswahili ni “kisukumizi”, bila kutajwa ni gesi gani. Ni hapa mama aliponikazia macho. Mara nyingi ni propani, butani au isobutani, peke yake au zikiwa zimechanganywa. Ukiyasikia majina hayo ukadhani umeyasikia mahali, ni kweli: gesi ya mtungi tunayopikia Tanga ni propani na butani hizo hizo. Ndani ya kopo zimebanwa mpaka zikawa maji maji. Ukibonyeza zinatoka zikigeuka hewa na kuyasukuma mafuta mbele yake. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe. Kwa hiyo hata kwenye kikaango baridi inaruka papo hapo, na kikipata moto hakuna chochote kinachobaki. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inazihesabu miongoni mwa vitu vinavyotambulika kuwa salama kwenye chakula. Nikamjibu mama: hapana, gesi hatuili. Hatari yake iko kwingine, nitaifikia.

Makopo ya zamani zaidi yalisukumwa na klorofluorokaboni, gesi zilizokuwa zikila tabaka la ozoni. Marekani ilizipiga marufuku kwenye makopo mengi ya kupuliza mwaka 1978, ingawa hadi leo lebo zinajisifu kwamba hazimo, kama mtu anayejisifu hajaiba.

Jambo la halali, kwa wanaolijali kama sisi. Baadhi ya hizi bidhaa zina alkoholi. Mdogo wangu anaishi Leicester, na Uingereza wamezoea chupa ya kupampu iitwayo Frylight, ile ya “kalori moja kwa mpulizo mmoja”. Nilimwambia anisomee lebo kwa simu: nusu hivi ni mafuta ya alizeti, kisha maji, kisha alkoholi, lesithini na gamu ya zanthani ya kuvishikanisha. Kalori inakuwa moja kwa sababu nusu ya unachopuliza si mafuta. Kuhusu hiyo alkoholi, mimi si shehe, muulize unayemwamini. Angalia pia monogliseridi na digliseridi, nazo ni za kushikanisha mafuta na maji, zinaweza kutoka kwenye mimea au kwenye mafuta ya mnyama na lebo haisemi ni yupi. Na kopo lenye “ladha ya siagi” linaweza kuwa na maziwa.

Sifuri ya kwenye jedwali

Mama alikuwa ameona vizuri. Kalori 0. Mafuta 0. Huku kilichotangulia kwenye orodha ni mafuta! Angalia tena ule mstari mdogo wa juu unaotaja kipimo cha mlo mmoja: ni mpulizo wa robo sekunde, robo gramu. Robo sekunde ni muda wa kupepesa jicho. Jaribu kubonyeza kopo kwa kupepesa jicho uone kama umepaka hata pua ya kikaango.

Sheria ya lebo hapa inasema mlo ukiwa na mafuta chini ya nusu gramu, ruhusa kuandika sifuri. Ukiwa na kalori chini ya 5, vivyo hivyo sifuri. Robo gramu ya mafuta ina kalori 2 na ushehe. Basi sifuri imepatikana kihalali kabisa, na hakuna aliyesema uongo. Kwenye makopo mengi utaona kinyota kidogo pembeni ya neno mafuta, na chini kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi wanakiri kwamba yanaongeza mafuta “kidogo mno”. Kopo la gramu 170 kwa hesabu yao lina milo 680, yote sifuri. Zidisha sifuri mara 680 upate kopo zima lisilo na mafuta. Kopo hilo hilo ukilimimina lote kooni, Mungu apishe mbali, umekunywa zaidi ya kalori elfu moja.

Mume wangu ndiye aliyenifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Daktari alimwambia lehemu, yaani kolesteroli, imepanda, apunguze mafuta. Tangu siku hiyo Baba Salma akawa mpulizaji. Anapuliza mkate, anapuliza mahindi, anapuliza viazi mpaka vinang’aa kama viatu vya askari, na ukimwambia anakugeuzia kopo: “Sifuri, soma mwenyewe.”

Toa mizani

Fanya nilivyofanya, haichukui dakika tano. Mizani ya jikoni ya betri, kopo na bakuli la chuma. Nilipima kopo: gramu 221. Nikapima bakuli tupu, nikalirudisha kwenye sifuri. Salma akashika simu kuhesabu, nami nikapuliza ndani ya bakuli sekunde moja moja, mara kumi. Kopo likashuka hadi 210. Limepoteza gramu 11, yaani gramu moja na kidogo kila sekunde. Bakuli lilikuwa limeongezeka gramu 8 tu. Tofauti ile ya gramu 3 ni gesi iliyoruka na ukungu uliotua kwenye meza, kwenye simu ya Salma, na kama nilivyokuja kugundua baadaye, sakafuni.

Kisha nikamwita Baba Salma bila kumwambia kwa nini. Nikampa sinia la viazi, nikamwambia puliza kama kawaida yako. Sekunde tisa. Kwa lebo hiyo ni milo 36. Kwa tumbo lake ni takriban gramu 8 za mafuta, kalori 70 hivi. Alinyamaza akiangalia mizani. “Lakini ni pungufu kuliko kukaanga,” akajitetea.

Na hapo nae ana haki. Kijiko kikubwa cha mafuta ni gramu 14, kalori 120, na mimi nikikaanga mayai bila kuangalia namimina kijiko hicho na chake cha pili. Mpulizo wa sekunde mbili unapaka kikaango kizima kwa gramu 2. Akiba ipo, ila haitokani na muujiza wa kopo. Mafuta yamekuwa machache kwa sababu yametandazwa vizuri, basi.

Kwa hiyo sheria ya kwetu sasa ni hii: sahau robo sekunde, hesabu moja kwa sekunde moja kwa gramu moja kwa kalori 9. Kikaango cha mayai, hesabu hadi mbili. Sinia kubwa la oveni, hadi nne. Ukifika tano, jiulize kama hukuhitaji kijiko.

Kisha nikajipima mwenyewe, na hilo sikulipenda. Wali wa nazi na samaki wa kupaka wa Ijumaa. Kikombe cha tui zito la kopo kina mafuta karibu gramu 50, na sehemu kubwa ni yale yanayoganda, ambayo daktari aliyataja kwa jina. Mimi naweka vikombe viwili kwenye sufuria, halafu nakaa nabishana na mtu juu ya mpulizo wa sekunde tisa. Ya kopo ni mambo madogo. Tulipunguza tui la kwanza, tukaongeza la pili, na hiyo ilifanya kazi kuliko kopo lolote. Kwa sababu hiyo hiyo sigombani na mtu kuhusu aina ya mafuta kwenye kopo, kanola au zeituni au nazi: kwa gramu mbili tofauti ni ndogo. Chagua kwa ladha na mfuko.

Namna ya kupuliza

Kikaango kiwe baridi na moto uwe umezimwa, au kiondoe kabisa jikoni ukipulizie pembeni. Hili si ombi. Umesoma hapo juu kuwa kinachosukuma ni gesi ya mtungi, na mafuta yenyewe yametoka yamekuwa ukungu. Ukungu wa mafuta ukikutana na ndimi za moto unawaka wote kwa mpigo mmoja. Nimeshuhudia kazini kijana mgeni akipuliza juu ya jiko la gesi linalowaka: nywele za mkono wake zilikwenda, na alishukuru kwamba ni nywele tu.

Tikisa kopo, lishike wima, umbali wa shubiri moja hivi. Puliza huku mkono unatembea, usisimame mahali pamoja. Baadaye ndipo uwashe moto.

Pulizia juu ya sinki, au fungua mlango wa mashine ya kuoshea vyombo uweke sinia juu ya mlango ule upulize hapo. Ukungu unaomwagika pembeni utaoshwa na vyombo. Mimi sikujua haya siku ya mizani. Asubuhi yake nilitoka na soksi, nikateleza kwenye vigae nikashika kaunta kwa kucha. Mafuta ya kupulizwa sakafuni huyaoni, unayakuta kwa mgongo.

Usivute ukungu wake. Kwa tumbo mafuta ni chakula, kwa mapafu ni kitu kigeni, na yakiingia kwa wingi huleta nimonia ya aina yake ambayo antibiotiki haina la kuifanya. Mapafu na tumbo si kitu kimoja: mwaka 2000 huko Missouri iligundulika kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bisi za maikrowevu walikuwa wameharibika mapafu kwa kuvuta mvuke wa diasetili, kitu kinachotoa harufu ya siagi. Walioumia ni waliovuta hewa ile kazini kila siku. Mtu anayepuliza sekunde mbili asubuhi hayuko kwenye hatari hiyo. Ila Salma ana pumu, na ukipuliza akiwa karibu anakohoa, kwa hiyo anatoka kwanza, tunafungua dirisha.

Kopo lisikae karibu na jiko. Lebo inasema lisizidi nyuzi 49 za Selsiasi, na rafu iliyo juu ya oveni inapita hapo bila wewe kujua. Oktoba 2023 mahakama ya Illinois ilimpa mama mmoja fidia ya zaidi ya dola milioni 7 baada ya kopo la kupuliza kupasuka jikoni na kumuunguza. Mimi langu linakaa kabati la chini, upande wa mchele. Likiisha usilitoboe, na kwa walioko nyumbani wenye shimo la taka la kuchoma nyuma ya nyumba: lisiingie humo. Gesi kidogo hubaki hata likionekana limeisha.

Mahali ambapo kopo si chombo chake

Kikaango cha nonstiki. Najua, ndicho kila mtu anachokipulizia. Lakini ile lesithini ikipata moto haiondoki, inaganda kidogo kidogo kuwa utando wa kahawia unaonata, hasa pembeni ambako chakula hakifiki. Baada ya miezi mitatu kikaango kisichoshika kinashika kila kitu, na watengenezaji wengi wa vikaango hivyo wanaandika kwenye karatasi yao usitumie kopo. Hali ni hiyo hiyo kwa kikapu cha ile oveni ndogo ya kukaangia kwa hewa. Kama umeshachelewa: chemsha maji kidogo kwenye kikaango, mwaga, tengeneza uji mzito wa magadi ya kuokea na maji, paka, acha nusu saa, sugua kwa kitambaa laini. Rudia. Waya wa kusugulia masufuria weka mbali.

Chapati za maji. Chuma lazima kiwe cha moto na lazima upake kabla ya kila chapati. Ukipuliza kwenye chuma cha moto mara ishirini umejitafutia moto na kikohozi. Mama alitoka pale pale kwenye kiti, akakata kitunguu, akakichoma uma. Tulipima kwa kujifurahisha: chapati kumi, mafuta yaliyopungua kwenye kisosi ni gramu 13. Gramu moja na kidogo kwa chapati, sawa na mpulizo wa sekunde moja, na harufu ya kitunguu juu yake bure.

Mkate wa kumimina. Hapa kopo la kawaida ni zuri sana, sufuria baridi, sekunde tatu, pembeni usizisahau. Lakini yapo makopo ya kuokea yaliyochanganywa na unga wa ngano humo humo ndani, na kwa jicho la haraka yanafanana na mengine. Mkate wa kumimina ni wa mchele. Kazini tuna mzee mmoja asiyeweza kabisa kula ngano, na siku moja nilimtengenezea mkate wangu wa mchele kwa fahari, nikapaka chombo kwa kopo lililokuwa karibu. Nilikuwa nimeshakata vipande nilipoliona neno “unga” kwenye lebo. Niliutupa mkate wote. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo kopo lile nimelifunga utepe mwekundu.

Tengeneza chako

Kwa kuoka, changanya kwa vipimo sawa unga, mafuta ya maji na mafuta mgando, tuseme nusu kikombe kwa nusu kikombe kwa nusu kikombe. Piga mpaka ulainike kama losheni. Unapaka kwa brashi na keki inatoka yenyewe, hata ya chombo chenye mikunjo. Mimi natumia unga wa mchele badala ya ngano, kwa sababu nimeshakueleza. Unakaa kwenye friji miezi miwili bila tabu.

Kwa mengine yote nina chupa ya kubinya, ya haradali iliyokwisha, nimeiosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ikatoka, pamoja na brashi ya silikoni. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ni gramu 4 na nusu. Kikitandazwa kwa brashi kinapaka sinia zima la oveni, lile lile ninalolipulizia sekunde nne. Gramu ni zile zile. Unachonunua kwenye kopo ni wepesi wa mkono, na siku nimerudi kazini usiku na watoto wana njaa, wepesi huo naununua bila kujilaumu.

Zipo pia chupa za kupampu unazojaza mwenyewe. Zinafaa, ila weka mafuta matupu, usichanganye na maji kama wanavyofundishana watu. Maji yanakaa chini, yanaharibika, na yakigusa kikaango cha moto yanarukia uso. Ioshe kila wiki mbili, la sivyo tundu linaziba na inakurushia mafuta kama bomba la kumwagilia. Wasiotaka gesi wala kuosha chupa watafute makopo yenye mfuko ndani: mafuta yako kwenye mfuko, hewa iliyobanwa iko nje yake inaukamua, na kwenye orodha unakuta neno moja tu, mafuta. Bei yake nayo unaijua ukifika kulipa.

Mama alipokaribia kurudi akataka kubeba makopo mawili, moja lake na moja la shangazi. Nikamzuia. Kopo la mafuta ya kupuliza haliruhusiwi kwenye ndege kutoka huku, si mkononi wala kwenye sanduku la chini, kwa ajili ya ile gesi. Akanuna kidogo. Halafu akafungua kabati, akaitoa chupa yangu ya haradali, akaibinya hewani kuangalia kama inavuja, akaifunga kwenye khanga katikati ya sanduku. “Hii watanikatalia kwa lipi?” akasema. Akaniuliza kama haradali nyingine inakaribia kwisha.